Maji Yasiyoganda

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa imegandisha kila kitu katika kaunti: mabomba ya nyumba, dizeli kwenye malori, hata ndevu za wanaume. Lakini kwenye korongo la shamba la Orville Kadrmas kulikuwa na dimbwi lililokataa kuganda. Ukingoni mwa dimbwi hilo alilala mwanamume kifudifudi, fuvu limebonyea juu ya sikio.

Sajini Corliss Aasen, mwanamke mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alichuchumaa, akavua glavu, akachovya kidole majini na kukigusisha ulimini.

"Chumvi," alisema, akatema mate.

"Siku moja utakufa kwa kulamba ushahidi," alisema Hollis Starr, naibu wake, kijana mrefu kutoka hifadhi ya Wahidatsa, kabila la wenyeji wa asili, kusini mwa kaunti.

"Haya ni maji yanayopanda na mafuta kutoka kisimani. Chumvi yake hushinda ya bahari. Ndiyo maana hayagandi."

Juu ya korongo lilisimama lori la tangi, injini imezimwa, koki ya nyuma imeachwa wazi. Matone ya mwisho yalikuwa yakidondoka. Ubavuni liliandikwa KADRMAS USAFIRISHAJI. Lilikuwa la kampuni ya Darrin, mtoto pekee wa mzee mwenye shamba. Kwenye bati la tangi palikuwa na tundu la risasi lililoanza kushika kutu.

Hollis aligonga tundu lile kwa kalamu. "Hili ni la vuli iliyopita. Mzee Orville mwenyewe aliniambia kwamba alilipiga risasi lori lililokuwa linamwaga maji hapa. Wakati huo ndama wake walikunywa maji haya wakafa. Leo kamkuta dereva tena, bunduki kaiacha nyumbani, kampiga na kitu kizito. Hesabu imekaa sawa, bosi."

"Na halafu akatupigia simu yeye mwenyewe?"

"Amezeeka. Ameogopa."

Daktari wa kaunti alipomaliza kupiga picha, waligeuza maiti. Iligeuka kama gogo, na kitambaa cha koti kikatoa mlio. Marehemu alikuwa Delmar Pruitt, dereva kutoka Arkansas, aliyekuja kama wengine wote tangu makampuni yalipojua namna ya kupasua mwamba chini kabisa na kuukamua mafuta. Meno ya mbele yalikuwa yamevunjika. Jicho moja lilikuwa wazi.

Corliss hakuangalia jicho. Aliangalia mahali alipokuwa amelala.

"Hollis, njoo uone. Hii ni nini?"

"Theluji."

"Theluji gani?"

Hollis aliinama. Pande zote maji ya chumvi yalikuwa yameyeyusha theluji hadi kwenye majani makavu. Lakini pale kifua cha Delmar kilipokuwa, theluji ilikuwa bado kavu, imeshindiliwa, ina alama za vifungo vya koti na doa jekundu kubwa kama sahani.

"Alilala hapa kabla ya maji kumwagwa," Hollis alisema polepole.

"Basi aliyefungua koki si yeye. Maiti haifungui koki."

Daktari, mwanamke mfupi mwenye kofia ya manyoya, alinyoosha kidole penye alama ya uso. Hapo palikuwa na kishimo kidogo, kimelainika ndani na kung'aa kama glasi. "Wala hakuwa maiti alipolazwa. Hii imeyeyushwa na pumzi. Alipumua hapa kwa muda, sajini. Si mfupi."

Nyuma ya vilima miali ya gesi ilikuwa ikiwaka juu ya visima, na barabarani malori yalipita yakifuatana bila nafasi katikati.

"Jeraha?" Corliss aliuliza.

"Kitu cha mviringo. Cha mti, nadhani. Chuma kingekata ngozi zaidi."

Corliss alipanda kwenye lori. Kando ya kiti lilikuwa limefungwa rungu fupi la mti ambalo madereva hugongea matairi ili kusikia kama yana upepo. Lilikuwa safi, limefunikwa vumbi la miezi. Alishuka, akazunguka mara mbili akitazama chini. Upepo ulikuwa umefagia nyayo zote.

"Aliyelileta lori hili aliliacha," alisema. "Kutoka hapa hadi mjini ni mwendo wa kufa kwa baridi. Aliondokaje?"

*

Delmar aliishi katika kambi ya wanaume kando ya mji wa Brandvold, safu za makontena zilizopangwa mahali ambapo zamani watu walivuna ngano. Mwenzake wa chumba, Lonnie Fontenot wa Louisiana, alikuwa kantini akila mayai. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka, na vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

Alipoona beji aliangusha uma na kukimbia.

Alipita jikoni, akamsukuma mpishi kwenye sinia za nyama, akatokea mlango wa nyuma. Hollis alimrukia kwenye barafu. Wote wawili waliteleza hadi kwenye mapipa ya taka. Lonnie alimpiga Hollis kichwa cha pua, akamng'ata mkono juu ya glavu, na alipojaribu kuinuka Corliss akamkanyaga kifundo cha mguu kwa uzito wake wote.

"Dada, unanivunja!"

"Bado. Tulia kwanza, ndipo tuamue."

Walimkalisha juu ya kreti, pingu mkononi. Hollis alijaza theluji kwenye leso na kuibana puani.

"Kwa nini umekimbia?" Corliss aliuliza.

"Nina kesi Louisiana. Ya mke. Si ya hapa."

"Damu hiyo kwenye buti ni ya nani?"

"Ya Delmar. Tulipigana jana jioni. Muulize mwenyewe."

"Delmar amekufa."

Lonnie alicheka, kisha akawatazama mmoja mmoja. Kicheko kikamkauka. "Muongo wewe."

"Amepasuliwa kichwa. Na wewe umevaa damu yake. Kwa hiyo chagua maneno yako vizuri, bwana Fontenot. Mligombania nini?"

"Mimi bado namwaga, yeye ameacha." Alilamba mdomo uliopasuka. "Kisima cha kutupia yale maji ya chumvi kiko mbali, na foleni yake unazeekea ndani. Bosi anataka safari nyingi. Kwa hiyo unafungua koki kidogo, unaendesha taratibu, ukifika hujabeba kitu. Kila mtu anajua. Delmar alimwaga kama sisi mpaka alipoona ndama wa yule mzee, wamevimba, ndimi nje. Tangu siku hiyo akawa mhubiri. Jana akaniita muuaji wa ndama. Nikampiga. Akanipiga. Basi. Akaenda kulala."

"Alfajiri je?"

"Alivaa, akaniambia anakwenda uwanja wa malori kumrudishia Darrin funguo za lori. Ameacha kazi. Akitoka pale apande basi la Bismarck akaseme yote kwa watu wa serikali ya jimbo. Nikamwambia, kampuni ikifungwa utauawa na wenye njaa humu kambini. Akasema mzee amemwomba awe shahidi wake na yeye ameahidi."

"Mzee yupi?"

"Mwenye ndama. Baba yake Darrin. Si walikuwa marafiki? Kila Jumapili Delmar anakula kwake."

Hollis aliondoa leso puani. Alimtazama Corliss.

"Ulimwona akienda na funguo?" Corliss aliuliza.

"Alizitikisa usoni kwangu. Alikwenda kwa miguu. Uwanja wenyewe si ule pale?" Lonnie alionyesha kwa kidevu, ng'ambo ya barabara, malori yamepangwa nyuma ya uzio wa nyaya. Kisha akainamisha kichwa. "Kweli amekufa? Koti langu zuri alikuwa akilivaa yeye kila siku."

*

Mzee Orville Kadrmas aliwafungulia mlango bila kuuliza. Alikuwa mpana wa mabega bado. Shamba lilikuwa lake, lakini kilichokuwa chini ya shamba hakikuwa chake. Baba yake aliiuza haki ya madini katika miaka ya ukame ili watoto wapate kula. Kwa hiyo visima vitatu vilisukuma mafuta mbele ya dirisha lake la jikoni, na yeye alipata kelele tu.

"Kaeni. Kahawa ipo."

"Tunashukuru, mzee. Hatutakaa sana," Corliss alisema. Alikuwa amekulia shamba la pili kutoka hapo, na mzee huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha trekta. "Nieleze tena ulivyomkuta."

"Nilikuwa narudi kutoka mjini. Nikaona lori. Nikashuka korongoni. Nikamjua kwa koti."

"Mlikuwa marafiki, wewe na Delmar."

"Alikuja kuniomba msamaha. Siku hizi nani anaomba msamaha katika nchi hii?" Alijimiminia kahawa, nusu ikamwagika mezani. "Alikuwa kijana mzuri. Mjinga kidogo, lakini mzuri."

"Leo alfajiri aliacha kazi. Alikwenda uwanjani kumrudishia Darrin funguo za lori."

Mzee aliweka birika chini.

"Kwa hiyo lori halikuletwa na Delmar," Corliss aliendelea. "Kuna mtu alilileta, na Delmar akiwa ndani amepigwa. Halafu mtu huyo akaondoka bila gari. Asubuhi umemwona mtu yeyote?"

Mzee alitazama dirisha. Pampu ya kisima cha karibu iliinama na kuinuka.

"Nimemuua mimi," alisema.

Hollis alitoa daftari. Corliss alimshika mkono kumzuia.

"Ulimpiga na nini?"

"Na… na spana."

"Wapi?"

"Pale pale. Nilimkuta anamwaga."

"Ulimkuta anamwaga. Kwa nini basi chini yake theluji ni kavu?"

"Sijui mambo ya theluji."

"Unayajua kuliko mimi. Alilala kwanza, maji yakaja baadaye. Nani alifungua koki?"

"Mimi."

"Wewe, mzee Orville." Corliss alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. "Wewe uliyenichapa kwa fimbo ya ng'ombe kwa sababu nilimwaga dizeli kidogo penye mtaro wako. Wewe ndiye umefungua tangi zima la chumvi kwenye ardhi yako mwenyewe, mahali ambapo halitaota jani mpaka wajukuu zako wafe?"

Mzee alifuta kwa kiganja kahawa iliyomwagika mezani.

"Unamlinda nani?"

"Nimeshasema nimeua, binti Aasen. Nifunge. Una pingu, una sheria. Unataka nini zaidi?"

"Nataka ukweli."

"Huo ndio nilionao leo."

Walimfunga pingu, kwa sababu mtu akikiri hafai kuachwa nyumbani na bunduki ukutani. Alinyoosha mikono mwenyewe. Corliss aliita gari la pili lije kumchukua.

*

Karakana ya Kadrmas Usafirishaji ilinukia mpira na dizeli. Darrin Kadrmas alitoka ofisini akitabasamu, kofia nyuma ya kichwa, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti jipya la ngozi.

"Corliss. Bado unaendesha lile gari la serikali linalokohoa? Njoo nikuajiri, nikupe lori jipya."

"Nasikia kazi yako inaua madereva."

Tabasamu lilishuka nusu. "Nimesikia habari za Delmar. Nimeumia. Na lori langu halijarudi, wateja wananipigia."

"Alichukua lori saa ngapi?"

"Alfajiri. Sikumwona. Akija huchukua tu na kwenda."

"Hakukurudishia funguo?"

"Funguo gani? Si alikuwa nazo?"

Corliss alikuwa akitembea taratibu kando ya ukuta, akitazama sakafu. Palipoegeshwa malori palikuwa na madoa meusi ya zamani, na hakuna aliyehangaika kuyafuta. Lakini karibu na mlango wa ofisi, mahali ambapo gari haliwezi kufika, mtu alikuwa amemwaga unga wa kunyonya mafuta, mwingi, mpya, umesawazishwa kwa ufagio.

"Hapa palivuja nini, Darrin?"

"Mafuta. Kopo lilianguka."

Alikwangua kwa ncha ya buti. Chini ya unga sakafu ilikuwa nyekundu. Alikwangua tena, na kitu kidogo cheupe kikabingirika hadi kwenye ncha ya kiatu chake. Lilikuwa jino.

"Hollis," alisema, bila kuinua macho.

Darrin alikuwa na rungu tayari. Lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mlango, na alilizungusha kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni. Hollis aliinua mkono kujikinga kichwa. Mfupa ulivunjika kwa sauti ambayo Corliss aliisikia kabla ya kilio. Pigo la pili lilimpata Hollis mbavuni, akaangukia kasha la vyombo, spana zikamwagika sakafuni.

"Liache!" Corliss alikuwa ameshatoa bastola.

Darrin alimrukia. Rungu lilimpata begani na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Walianguka pamoja, yeye chini, uzito wote wa mwanamume juu yake, rungu limelazwa shingoni. Pumzi ilikatika. Aliona macho ya Darrin kwa karibu, yamejaa machozi.

"Nilimwambia akae kimya," Darrin alikuwa akisema, akibana. "Nilimwambia kwa wema kabisa."

Corliss alibonyeza mtutu kwenye paja lake na kufyatua.

Darrin aliviringika akipiga kelele. Alijaribu kuinuka, mguu ukamkataa, akatambaa kuelekea kwenye rungu, akiburuta mstari wa damu juu ya unga. Hollis, akiwa amekaa, mkono umening'inia vibaya, alinyoosha buti na kulisukuma rungu mbali.

"Kaa hapo hapo, kaka," alisema, meno yamebana. "Umeshafanya ya kutosha kwa leo."

Corliss alikohoa mpaka akatapika. Kisha alivua mkanda wake, akaufunga juu ya jeraha la Darrin na kukaza kwa goti, Darrin naye akimtukana kwa majina aliyomwita walipokuwa shuleni pamoja.

*

Mchana zahanati ya Brandvold ilikuwa imejaa kama kawaida: vidole vilivyosagwa, macho yaliyochomwa na mvuke, kijana aliyeanguka kutoka mnara wa kuchimbia mafuta. Darrin aliwekwa chumba cha mwisho, kifundo cha mkono kimefungwa kwenye kitanda. Sherifu alikuwa ameshachukua bastola ya Corliss, kama inavyotakiwa baada ya kufyatua, na alimtaka aende nyumbani. Hakwenda. Alikuwa ameagiza mzee Orville aletwe.

"Bado ameshikilia kwamba ameua yeye," alimwambia sherifu kwa sauti iliyokwaruza. "Kama maneno hayo yatabaki, wakili yeyote atayatumia. Mwache amwone mwanawe. Mimi nitasimama mlangoni, na wote wawili watajua nasikiliza."

Mzee aliingia na pingu zake, akasimama miguuni pa kitanda. Corliss alimkumbusha Darrin kwamba ana haki ya kunyamaza. Darrin hakumsikiliza hata kidogo. Alikuwa akimtazama baba yake.

"Wameniambia umeshakiri," alisema kwa sauti ya chini. "Baba, usibadilishe. Nisikilize. Una miaka sabini na sita na moyo mbovu. Jaji atakutazama, ataona ndama wako, ataona ulivyoteseka. Watakuachia ukae nyumbani. Mimi nina watoto, nina malori, nina watu wanaonitegemea. Lori nililipeleka pale kwa sababu hiyo. Nilijua kwako watakuonea huruma."

Mzee alichukua muda kuelewa.

"Ulilipeleka kwangu," alisema, "ili nionekane mimi."

"Ili tupone wote. Ameshakufa, baba. Kumlilia hakutamrudisha."

"Hakuwa amekufa," alisema Corliss kutoka mlangoni. "Alipumua pale kwenye theluji. Daktari ameona."

Darrin alifunga macho. "Alikuwa anakoroma tu. Niliona hafiki popote."

Mzee Orville alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, pingu zikagongana nacho. Kisha alimgeukia Corliss.

"Binti Aasen, kile nilichokuambia jikoni kifute. Chukua kalamu."

"Baba," alisema Darrin.

"Andika kwamba leo asubuhi mwanangu alibisha mlango wangu akiwa kwa miguu, nyusi zimeganda. Alisema gari lake limezama kwenye theluji. Nilifurahi kumwona, kwa kuwa tangu ndama wafe hakuwa amekanyaga kwangu. Nilimkalisha karibu na jiko. Nilimkaangia mayai manne. Akaomba mkate zaidi, nikamkatia. Akaniuliza habari za moyo wangu. Kisha nikamrudisha mjini kwa gari langu, tukipita juu ya korongo, na yeye akanionyesha upande wa pili, akisema, tazama baba, swala. Nikatazama swala."

Corliss alikuwa akiandika kwa mkono mmoja, karatasi imebanwa kwenye fremu ya mlango.

"Andika yote," alisema mzee. "Andika kwamba alikula akashiba, na Delmar alikuwa bado anapumua."